Mwalimu Yunisi, Aliyewatuliza Watoto Bila Kidonge

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu wa ukoo wa Kalinga, walimu, majirani wa Kihesa na ndugu wote mliofika kutoka Usangu, Mbeya na Nyololo, poleni sana na msiba. Historia hii imetokana na karatasi alizoandika marehemu mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa kitandani mwezi wa kwanza mwaka huu, na aliagiza isomwe na mdogo wake wa tumbo moja, Nashoni Shigela, wala asipewe mtu mwingine. Ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Mliotoka Usangu mnajua kwamba ndugu hawa wawili hawakusemezana kwa karibu miaka kumi, na sababu mnaijua, au mnadhani mnaijua, kwa hiyo anaomba mmvumilie asome taratibu.

Mwalimu Yunisi Shigela alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Shigela na marehemu mama Kashindye. Mwaka 1983 malisho yalipokwisha, familia ilihama na mifugo yake hadi bonde la Usangu, ikajenga Ubaruku, na hapo ndipo alipozaliwa Nashoni, kitindamimba, ambaye marehemu alimbeba mgongoni hadi akaota kibyongo, kama alivyopenda kumtania.

Alianza darasa la kwanza Januari 1984, akiwa na miaka karibu kumi, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mtoto wa hovyo darasani, hakai, hasikilizi, anaanza jambo hili anaishia kwenye lile, akachapwa kwa hilo mpaka viganja vikawa vigumu. Lakini jioni, zizini, baba yetu hakumwamini mwingine ila yeye, maana mzee hakuwahesabu ng'ombe kwa namba, aliwapitia kwa sura, na alimfundisha binti yake asimame mlangoni, avute pumzi, amwite kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na jicho lisimwache wa kwanza mpaka apite. Siku moja akiwa darasa la tatu alijaribu kuzipitia herufi za ubaoni kwa namna ileile, moja moja, bila kuruka, na kuanzia hapo shule ikamfungukia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1990, kidato cha nne mwaka 1994, na chuo cha ualimu mwaka 1996.

Januari 1997 aliajiriwa katika shule ya msingi huko Nyololo, wilayani Mufindi, akapewa darasa la watoto tisini, na ameandika bila kujificha kwamba miaka miwili ya kwanza naye alichapa wasiotulia, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa viganjani mwake, hadi siku alipomwona mtoto mmoja akitega viganja kabla hajaitwa, akaiweka fimbo chini na hakuishika tena. Mwaka 2005 alikwenda Arusha kusomea elimu maalumu, na huko ndiko alikojua kwamba shida hii ya kushindwa kutulia na kushika jambo ina jina la kitaalamu, kwamba wapo watoto wanaopewa dawa, na wapo wanaosaidiwa kwa mazoezi ya akili na mwili. Marehemu aliyapenda mazoezi, akayapenda mno.

Alihamishiwa Iyunga, jijini Mbeya, mwaka 2007, na kila siku baada ya masomo alibaki na watoto walioshindikana kwingine. Aliwapitisha juu ya ubao mwembamba uliolazwa kwenye matofali, mtoto ameshika kikombe cha maji na huku akihesabu kurudi nyuma, aliwachambulisha maharage ya rangi tatu na kubadili sheria katikati, aliwapigia kengele ya ng'ombe ili wakiisikia wasimame na ikinyamaza waendelee. Alianza na dakika tatu, wiki inayofuata nne, hakuwa na haraka, akisema akili ya mtoto ni kama ndama, ukiivuta kwa kamba itagoma, ukiizoesha njia itakwenda yenyewe. Wengine walitulia, wengine hawakutulia, na wa kwanza kabisa kutulia, Lusekelo, aliyefukuzwa shule mbili, leo ni fundi wa magari makubwa na yupo hapa pamoja nasi.

Kwenye semina za walimu marehemu alikuwa na kauli yake, nao wenzake wanaikumbuka: "Kidonge kinamtuliza mwalimu, hakimtulizi mtoto." Watu walimpigia makofi, na ameandika kwamba makofi yale yalimlevya.

Tarehe 25 Septemba 1999 alifunga ndoa takatifu hapa Iringa na Ndugu Crispin Kalinga wa Kihesa, fundi seremala, mtu wa maneno machache, ambaye walikutana Nyololo alipokwenda kutengeneza madawati, na ndiye aliyeranda mbao zote za mazoezi bila hata mara moja kuuliza ni za nini.

Chini ya kichwa cha watoto, marehemu ameandika majina matatu. Matilda, aliyezaliwa mwaka 2000. Aroni, aliyezaliwa mwaka 2003. Na Prisca Nashoni, ambaye hakumzaa, binti wa mdogo wake, aliyezaliwa Ubaruku tarehe 2 Agosti 2006.

Prisca alipelekwa Iyunga kwa shangazi yake Januari 2014, kwa sababu walimu wa kijijini walimchoka, walisema anazubaa, anaulizwa swali anakodoa macho tu, na fimbo haikumsaidia. Shangazi alimpokea kwa furaha, akamwekea daftari lake, akawa anaandika kila siku, leo amezubaa mara tisa, leo mara kumi na nne, leo ameacha neno katikati, kope zimepepesa, kisha ameendelea kana kwamba hakuna kitu. Juu ya ubao mtoto yule alikuwa hodari kuliko wote, alitembea kikombe hakimwagi hata tone, na shangazi yake alijivunia, ila idadi ya kuzubaa haikupungua, kwa hiyo akaongeza dakika za mazoezi.

Mwezi Machi 2015 muuguzi mmoja, mzazi wa mwanafunzi mwingine, alimtazama Prisca akashtuka, akamshauri marehemu ampeleke hospitali apimwe kichwa. Hapa nasoma kama alivyoandika: "Sikumpeleka. Nilikuwa mwalimu wa kuwatuliza watoto bila kidonge, nikawa kipofu. Kosa ni langu, na lisisemwe kwa lugha laini siku ya kuzikwa kwangu."

Pasaka ya mwaka huo Prisca alirudi Ubaruku likizo. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 2015, saa tano asubuhi, alivuka mfereji wa mashamba ya mpunga kwa kupita juu ya gogo, maji yakiwa yamejaa, na alivuka bila woga kwa kuwa alikuwa amefundishwa kutembea juu ya ubao. Wenzake walimwona akisimama katikati, macho yako wazi, hajibu anapoitwa, kisha akaanguka. Alitolewa akiwa amefariki, akiwa na miaka minane. Kaburini, mbele ya ukoo mzima, mdogo wa marehemu alimnyooshea kidole akasema, "Dada, ubao wako ndio uliomuua mwanangu." Marehemu aliinamisha kichwa.

Baada ya mazishi alilipeleka lile daftari kwa daktari huko Mbeya, naye alisoma kurasa mbili, akalifunga, akamwambia kwamba kwa anavyoona huko hakukuwa kuzubaa, ni aina ya kifafa ambacho mara nyingi hakimwangushi mtu, kinamzima sekunde chache tu akiwa amefumbua macho, na kwamba watoto wengi hutulizwa kwa dawa. Mwaka mzima na zaidi marehemu aliuhesabu ugonjwa kila siku, akauandika kwa kalamu ya bluu, akidhani anahesabu uvivu wa akili.

Mwaka 2016 alihamia Kihesa, nyumbani kwa mumewe, na watu walidhani hatashika tena kazi ile. Aliishika, ila aliweka sharti ambalo walimu wenzake mnalijua, kwamba hakuna mtoto anayekanyaga ubao wake kabla hajaleta karatasi ya daktari, awe amepimwa macho, masikio na kichwa. Wazazi walinung'unika, wengine waliondoka, yeye hakulegeza. Katika miaka minane watoto kumi na mmoja waliokuja kwake kwa mazoezi waliishia hospitali kwanza, na wanne kati yao walikuwa na ugonjwa uleule wa Prisca. Kauli yake ya semina aliiacha, na mtu akimkumbusha alikuwa akitoka nje.

Mwezi Juni 2022 aligundulika ana saratani ya titi, akapasuliwa, akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akapata nafuu, akarudi darasani hadi Agosti 2024, ugonjwa ulipohamia kwenye mifupa. Tarehe 19 Januari mwaka huu alimtuma Aroni hadi Ubaruku kwa mdogo wake, na bahasha iliyokuwa na karatasi hizi. Mwalimu Yunisi alifariki dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Iringa, akiwa na umri wa miaka hamsini. Ameacha mume na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa na Dar es Salaam, walimu wenzake wa Nyololo, Iyunga na Kihesa, mama Ombeni, jirani aliyempikia uji kila asubuhi kwa miezi mitano, kwaya, na wazazi wa wanafunzi wake waliochangia damu bila kuombwa mara mbili.

Karatasi, pamoja na mistari ya mwisho iliyoongezwa na familia, imeishia hapa, na yanayofuata ni yangu mimi Nashoni, hayakuandikwa.

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2015, baada ya ibada, dada alinipigia simu. Alisema, "Nashoni, muuguzi anasema macho ya huyu mtoto siyo ya kuzubaa, na mimi sasa naona ni kweli. Jumatano nampeleka akapimwe." Nilimuuliza wanapima nini. Akasema, kifafa. Nikamwambia, "Dada, kwetu hakuna kifafa. Ukimpeleka huko jina litamfuata, na wadogo zake hawataolewa. Mtoto ni wangu, we endelea na michezo yako." Alinibembeleza, akarudia, na aliporudia mara ya tatu nilimkatia simu. Mimi ni baba wa mtoto, na yeye ni mtu wa kuheshimu kauli ya baba, kwa hiyo Jumatano haikufika.

Kipofu hakuwa yeye, ndugu zangu, yeye aliona, mimi nilimfumba macho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi kifo kiliponiumbua nilimgeuzia dada yangu kidole, na yeye akakubali, kwa sababu aliona kwamba baba aliyemzika mwanawe hawezi kubeba na hilo pia. Kwa miaka karibu kumi amekuwa muuaji katika vinywa vyenu kwa ajili yangu. Mke wangu Faustina, mama yake Prisca, amekaa pale mbele, na hili analisikia leo kwa mara ya kwanza, kama ninyi. Mama Prisca, ulimlaani wifi yako bure, na mimi nilikuwa nasikiliza.

Nilipoisoma bahasha ile niliona hata kwenye kifo chake amenificha. Nilikaa nayo siku kumi na tano nikitafuta maneno, Jumanne nikapanda basi, nikafika wodini saa sita mchana, kitanda kikiwa kimeshatandikwa upya. Sikumwambia.

Dada Yunisi, lawama uliyonibebea naishusha mabegani mwako mbele ya watu wote hawa, ni yangu, nitarudi nayo Ubaruku. Wewe pumzika, kwa amani ile niliyokunyima.