Filamu Iliyorekodiwa kwa Fundi Cherehani

Fundi cherehani na mama aliyeketi naye walikuwa wamejuana humo humo basini.

"Walikuja vijana na kamera, dada yangu, wakasema wanarekodi filamu ya matapeli wa mjini. Mimi nikapewa nafasi ya mwenye nyumba anayeibiwa."

"Makubwa! Ukakubali?"

"Kwa furaha! Majirani wakasaidia kupakia kwenye lori lao kochi, friji, hata cherehani yangu, huku nikipiga kelele, 'Mwizi! Mwizi!' kama nilivyofundishwa."

Mama akashika mdomo. Mimi niliyeketi nyuma yao, nisiyependa umbea, niliacha kutafuna karanga nisikie vizuri.

"Lori likaondoka moja kwa moja. Hapo nikaanza kupiga kelele za kweli."

"Na majirani je?"

Basi likasimama. Fundi akainuka.

"Walinipigia makofi, dada. Wakasema sasa ndiyo nimeigiza."