Msimu Uliofutwa

Benchi letu liko nje ya kituo cha mafuta cha Purvis, kati ya jokofu la barafu na sufuria ya karanga za kuchemsha. Ni benchi la kanisa. Wabaptisti walipobadilisha viti, hili liliachwa hapa kwa muda, na muda wenyewe haujaisha mpaka leo. Mimi nasimamia kaunta zamu ya asubuhi na kupika kahawa, na dirisha la kaunta linafungukia upande wa benchi, kwa hiyo ya benchi nayasikia nitake nisitake. Alhamisi ile nilitaka. Saa kumi na mbili jioni Kocha Verlon Stroud alikuwa anakuja kula nyumbani kwangu. Ndivyo wanavyofanya makocha wa vyuo. Wakimtaka kijana, wanaanza kwa kula chakula cha mama yake. Alimtaka Tate wangu, miaka kumi na saba, mkubwa kama kabati, akacheze mpira wa Kimarekani, mstari wa mbele, kwenye kile chuo kidogo kilichomwokota Kocha baada ya chuo kikubwa cha Marlow State kumfukuza kazi. Masomo bure, kulala bure, kula bure. Chuo kingine hakikupiga simu hata kimoja. Tate asipoenda huko, ataenda kiwanda cha kuku na baba yake. Nyama nilikuwa nimeshaitoa kwenye friza. Nilichokuwa sijaamua ni mtoto.

Nilipowamiminia wazee wa benchi kikombe cha kwanza walikuwa wameshashikana kwa maneno. Shemasi, ambaye ni shemasi kweli, alikuwa na kofia yake ya Marlow yenye fahali mbele. Yadi Mbili ni wa Bascom, chuo hasimu wa Marlow. Aliwahi kuichezea Bascom mara moja tu maishani: alipewa mpira, akakimbia yadi mbili, akaangukiwa na watu sita, mguu ukavunjika. Jina hilo atazikwa nalo.

— Mzee, kubali yaishe, akasema Yadi Mbili. Kocha wako alikuwa mwizi.

— Mwizi wa nini? Alikuibia mke?

— Aliiba mechi. Wachezaji wake walikuwa wanafanyiwa mitihani na watu wengine. Mtu hajui hata kusoma, anapata alama za udaktari!

— Wenu ndio wanajua kusoma? Yule mrusha mpira wenu alinisainia mjukuu wangu kofia, akakosea herufi za jina lake mwenyewe.

— Ndiyo maana wakubwa wa mpira wakawafutia mechi kwenye vitabu. Misimu miwili mizima. Futa, futa, futa!

Hapo akaingia Laini ya Pili. Huyu kila asubuhi anapigia simu kipindi cha michezo cha redio, na kila mara wanamweka laini ya pili, basi siku hizi hata akiomba sukari anaongea kama yuko hewani.

— Asante kwa kupokea simu yangu, mabwana. Mechi zimefutwa, sawa. Swali langu ni moja. Zimekwenda wapi?

— Hazikwenda popote, akasema Yadi Mbili. Hazipo.

— Ile ya ishirini na nne kwa ishirini na moja? akauliza Shemasi. Tuliyowapiga kwenye mvua?

— Haipo.

— Nilikuwepo! Nilitoka pale na nimonia!

— Ulipata nimonia kwenye mechi ambayo haipo. Pole sana, mzee wangu.

— Kwa hiyo mlishinda nyinyi?

— Hapana. Wakubwa hawakutupa ushindi. Ila hatukupigwa.

— Hamkushinda, hamkupigwa. Sasa mlikuwa pale mnafanya nini, pikiniki?

Laini ya Pili akacheka mpaka kahawa ikamwagikia buti zake. Nami ningecheka siku nyingine.

— Na yule kijana? nikauliza kutoka dirishani.

Wakanigeukia wote watatu. Walijua kwa nini nauliza. Mji huu mtu akinunua nyama ya kuchoma kubwa kuliko kawaida, watu wanajua nani anakuja kula.

Habari ya yule kijana kila mtu anaijua. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa ile mechi ya mvua, wiki ya kwanza ya mazoezi, joto la kuyeyusha lami. Kocha aliwakimbiza juu na chini ya ngazi za uwanja wakiwa na helmeti na kinga za plastiki vifuani, akasema maji watayakuta wakimaliza. Mmoja hakumaliza. Alifia hospitali. Chuo kikamalizana na familia kwa pesa, msimu ukaendelea, Kocha akabaki kazini. Kilichokuja kumfukuzisha baadaye ni mitihani.

— Bi Renda, akasema Shemasi kwa sauti ya kanisani, ile ilikuwa ajali.

— Gari likigonga mti ndiyo ajali, akasema Yadi Mbili. Ngazi hazikumfuata yule mtoto. Alipandishwa.

— Wewe leo ndiyo unamlilia? Bascom nyie? Siku ya ile mechi mlikuja na chupa za maji! Jukwaa zima, mnazitikisa, mnatuimbia, "Mna kiu? Mna kiu?" Nilikuona, Yadi Mbili. Ulikuwa na chupa mbili, moja kila mkono.

Yadi Mbili akatazama ndani ya kikombe chake.

— Ulikuwa utani wa mpira, alisema.

— Ahaa. Kumbe mechi ilikuwepo.

Nikawaongezea kahawa, maana nilitaka waendelee. Mwanamke anayetaka kujua kama mtoto wake atapewa maji hawezi kwenda kumwuliza wakili. Anasikiliza wanaume kwenye benchi na kuomba Mungu katika maneno yao kuwe na moja la kweli.

— Mimi nilivyosikia, akasema Shemasi, moyo wake ulikuwa mbovu toka utotoni. Familia ilificha ili apate nafasi.

— Nilichosikia mimi, akadakia Laini ya Pili, na nimekisikia kwa jamaa wa laini ya nne, mtu wa kuaminika, ni kwamba alikunywa vile vinywaji vya makopo vya kuondoa usingizi. Makopo nane.

— Jana ulisema manne, nikamwambia.

— Habari zimeongezeka, Bi Renda.

— Tena nikwambieni kitu, Shemasi akainama mbele, akashusha sauti. Mnajua alikuwa anatoka upande gani? Kule ng'ambo ya mto. Kaunti ya watu wa Bascom watupu. Jiulizeni. Mtoto wa Bascom anakuja kwetu kufanya nini?

— Subiri, mzee. Unasema tulimtuma?

— Mimi sijasema kitu.

— Tulimtuma aje afe?

— Sikusema afe. Labda alitumwa aanguke tu, Kocha aharibikiwe. Akazidisha.

Yadi Mbili akasimama, akakaa tena kwa sababu ya ule mguu.

— Shemasi, wewe unagawa sakramenti kwa mkono huo?

— Niache. Nasema watu wanavyosema.

— Twende polepole, mabwana, akasema Laini ya Pili, na macho yalikuwa yanamng'aa kama ya mtu aliyeona njia ya mkato. Msimu ule umefutwa, kweli si kweli?

— Kweli.

— Mazoezi ya Agosti ni ya nini? Ni ya msimu. Huwezi kufanya mazoezi ya msimu ambao haukuwepo.

— Usiseme, Yadi Mbili akamwambia.

— Nasema kwa sheria tu. Kwa sheria, siku ile hakuna aliyekimbia. Kama hakuna aliyekimbia...

Akatuangalia mmoja mmoja, nadhani akitumaini kuna mtu atamkatia simu.

Kumbe nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke na kikombe chake kitupu, mwenye nguo za kijani za hospitali. Wa kaskazini huyo, amehamia kaunti yetu karibuni, bado anavaa koti zito kama vile huku kuna theluji. Alikuwa ameegesha pampu ya tatu, akaja dirishani kwa kahawa, akawakuta katikati ya mabishano.

— Samahanini, alisema. Mimi mambo ya mpira siyajui. Aliitwa nani?

— Verlon Stroud, akajibu Shemasi haraka. Kocha Stroud. Miaka kumi na minne Marlow.

— Hapana. Huyo kijana.

— Sabini na moja, akasema Shemasi.

— Sijaelewa.

— Namba yake. Sabini na moja. Mstari wa mbele, kushoto. Miguu myepesi kwa mtu wa uzito ule.

— Na jina?

Shemasi akafungua mdomo. Akavua kofia, akaitazama ndani. Yadi Mbili akasema lilianza na Da, au Do, kama Darnell hivi, hapana, Darnell ni yule aliyekuwa anapiga mateke. Laini ya Pili akatoa simu, akapigia redio. Tukamsubiri wote, yule mama wa hospitali pia. Wakamweka laini ya pili. Akauliza. Redio yangu pale kaunta ilikuwa imewashwa, tukamsikia mtangazaji akisema, "Sabini na moja, ndiyo, ndiyo, namkumbuka vizuri sana, kijana mzuri," kisha akaweka tangazo la matairi.

Mimi pia sikulijua. Mechi ya mvua naikumbuka mpaka nani aliangusha mpira robo ya mwisho. Na Tate akicheza Ijumaa, mimi mama yake nasimama pale uzioni napiga kelele, "Sitini na sita! Nenda, sitini na sita!" kwa sababu jina halisikiki kwenye zile tarumbeta, na kila mama hufanya hivyo.

Yule mwanamke akasubiri kidogo, kama anayedhani tunamficha. Halafu akachukua kahawa yake, akaenda.

Nikaingia chumba cha nyuma, penye makasha ya soda, nikampigia Kocha. Alipokea mlio wa kwanza. Alikuwa barabarani.

— Mama Tate! Usiniambie umebadilisha chakula. Sijanywa hata chai, makusudi.

— Kocha, yule kijana wa kwenye ngazi. Aliitwa nani?

Hakusita hata kidogo.

— Dorsey Allan Whitlow, alisema. Mama yake anaitwa Jolene. Kwao pia nilikwenda. Alinipikia nyama ya nguruwe na tufaha.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijiandaa asijue. Angekuwa hajui, ningekata simu na roho yangu ingetulia. Lakini alilijua lote, na alilitamka vizuri, bila mkwaruzo, na mpaka leo siwezi kukwambia kama analiwaza usiku au alifundishwa na mawakili. Amenipigia simu mara ngapi, amenisifia mtoto, ameuliza habari za mgongo wa mume wangu, na jina hilo muda wote lilikuwa pale mdomoni mwake.

— Aliomba maji? nikauliza.

Nikasikia indiketa ya gari lake ikigonga. Alikuwa anakata kona, au amesimama.

— Mama, hayo tuyaongee mezani jioni. Ana kwa ana, kama watu wazima.

— Nauliza tu kama aliomba.

— Kijana akichoka anaomba kila kitu. Anaomba mama yake. Kazi ya kocha ni kujua lini...

Akaishia hapo, hakuna aliyemkatisha.

— Usije, Kocha.

Hakukasirika. Ningependa akasirike.

— Unajua hakuna mwingine anayemtaka, alisema. Sikutishi, mama. Nakuambia tu.

— Najua.

Nilirudi dirishani. Walikuwa bado wamekaa vilevile, karanga zinachemka pembeni yao.

— Dorsey Whitlow, niliwaambia. Dorsey Allan.

— Nani huyo? akauliza Yadi Mbili. Kisha akaelewa. Umelipata wapi?

— Kwa Kocha mwenyewe. Na jioni haji. Nimemkataza.

Yadi Mbili akapiga goti lake kwa kiganja.

— Safi, Bi Renda! Bascom moja, Marlow...

— Nyamaza, nikamwambia.

Shemasi hakunisema. Nilitegemea anihubirie kuhusu milango ambayo Mungu hufungua. Alikuwa ameiweka kofia gotini na anaikandamiza ile pembe ya fahali kwa kidole gumba, kama doa.

— Tate anajua? akauliza.

Asubuhi nilimwacha mtoto anapiga pasi shati jeupe la kumpokelea Kocha.

Ndipo nikamwona Laini ya Pili. Simu ilikuwa bado sikioni. Matangazo yalikuwa yameisha, na kutoka kwenye redio ya kaunta, nyuma yangu, mtangazaji akasema, "Haya, tunarudi laini ya pili. Ulikuwa unatuuliza nini kuhusu Kocha Stroud?"

— Usithubutu, nilimwambia.

Akafunika simu kwa mkono. Lakini huyo namfahamu. Angevumilia mpaka kikombe kiishe, basi.

Nikavua aproni, nikamwachia Shemasi kaunta, nikaenda shuleni kumtoa mtoto darasani kabla redio haijamwambia.