Hindi la Buluu Kabla ya Kipimo

Ndani ya basi lililokuwa likiteremka milimani kuelekea mji wa Oaxaca, Bi Crescencia hakuwa na haja ya kutega sikio. Mzee aliyeketi mbele yake, akiwa amekumbatia gunia la mahindi ya buluu, alizungumza kana kwamba msikilizaji wake yuko ng'ambo ya shamba.

"Eti ushirika unataka kuyapima! Eti huenda yameingiliwa na mahindi ya maabara! Haya ni mahindi ya mama yangu, binti. Mbegu aliitundika juu ya moshi wa meko mpaka mvua za kupandia."

"Mama yako hakuwa na jirani aliyepanda mahindi ya dukani, mzee wangu," alijibu mwanamke wa pembeni yake, mpika tortilla, zile chapati za mahindi, wa ushirika huo. "Upepo unabeba chavua bila kumuuliza mtu. Gunia moja likichafuka, wateja wetu wote wanatukimbia."

"Zamani mbegu tuliiamini kwa mkono ulioitoa."

"Na mikono hiyo iko wapi siku hizi?"

Mzee alicheka, akachomoa hindi moja, akamnyooshea. "Huu hapa. Kapande kwako."

Bi Crescencia alitabasamu. Hivyo ndivyo mama yake alivyopata mbegu, sokoni na safarini, kwa watu asiowajua, na hakuwahi kumwona mtu akiikataa. Mkono wa yule mwanamke uliinuka, kisha ukarudi chini ya mtandio.

"Kapime kwanza, baba," alisema kwa upole. "Na mimi nina ya mama yangu shambani."

Basi lilisimama mbele ya ofisi ya ushirika. Mzee alikuwa bado amenyoosha mkono.