Barua ya Onyo ya Bi Mauza Ilikuwa Yangu

Nimemkosea Bi Mauza, na nalisema hili kabla pilau halijafunuliwa. Anastaafu Jumatatu, tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na miwili kwenye kliniki yetu ya masikio hapa mtaani Gerezani. Faili lake lina barua moja tu ya onyo. Ilitakiwa iwe yangu mimi, Fikirini wa masjala.

Kazi yake mnaijua. Watoto waliopandikizwa kifaa cha kusikia wanaletwa na mama zao, na yeye anawafundisha hao mama kuongea. Unaosha nyanya, sema nyanya. Unamvua kiatu, sema kiatu, halafu nyamaza umsubiri mtoto naye aseme. Bi Mauza huongea hata na fagio, mradi mtoto asikie.

Basi mwaka juzi kiyoyozi cha masjala kilinizidi baridi, nikavaa koti jeupe la stoo. Koridoni nikamkuta Arwa anammiminia maneno mwanawe Ghassan, wa miaka mitatu. Akaniamkia, "Shikamoo daktari." Nikaitikia marahaba. Sikuishia hapo, nikatoa na ushauri: "Mama, punguza maneno. Mashine bado mpya, iache kwanza izoee." Utadhani naongelea pikipiki.

Arwa akatii. Miezi mitatu nyumba yao ya Msimbazi ikawa kimya, mpaka bibi anaomba chumvi kwa ishara. Ghassan akarudi kliniki hana hata neno moja jipya. Arwa akasema ni daktari aliyemwambia apunguze maneno, mkurugenzi akauliza nani katoa agizo lile. Bi Mauza akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Akasema chumba cha mafunzo ni chake, kosa ni lake, na barua ya onyo akaandikiwa yeye. Tulipotoka nje akaniambia tu, "Mdogo wangu, ukisikia baridi, zima kiyoyozi."

Mwaka mzima uliofuata, kila Jumamosi alikuwa jikoni kwa Arwa, wanakuna nazi na kupiga soga, Ghassan katikati yao. Sasa hivi mtoto hakamatiki. Juzi kaniuliza, mbele ya wagonjwa, hicho kitambi nakipeleka wapi.

Bi Mauza, asante dada yetu. Kapumzike kwa afya na amani, uwachoshe wajukuu kwa maneno.

Ijumaa tarehe 28, kabla ya saa sita mchana, mkurugenzi atapata barua yenye saini yangu, aiondoe ile ya onyo kwenye faili lako. Na Alhamisi tarehe 27 naenda Msimbazi kumwambia Arwa kwamba mimi si daktari.