Makosa ya Marehemu Wifi

Fundi cherehani alipopanda basi, bibi aliyekaa dirishani alipakata kikapu chake ili naye apate pa kukaa. Fundi alikuwa anakwenda kuungama baada ya miaka tisa, na dhambi zake alikuwa ameziandika asije akazisahau mbele ya padre. Alipoona rozari mkononi mwa bibi, akamwomba amsikilize kama amejiandaa vizuri.

"Nilimkasirikia marehemu wifi yangu kwa sababu alikuwa mchoyo," akasoma kwa sauti ya chini. "Nilimsengenya kwa sababu alikuwa mwongo. Nilikosa misa kwa sababu wifi..."

Bibi akacheka kwa upole. "Huyo marehemu umeshamuungamia dhambi zake vya kutosha, mwanangu. Bado wewe."

"Hukumjua, bibi! Yule alikuwa mwiba."

"Haya, mwiba. Wewe ulifanya nini?"

Fundi akaikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama kifungo. "Alipougua aliniita nikamwogeshe, maana hakutaka kuogeshwa na mgeni. Nikamwambia nimezidiwa na kazi. Sikuwa na kazi. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Alizikwa wiki iliyofuata."

Bibi akamshika mkono. "Hiyo ndiyo ya kumpelekea padre."

"Mungu atanisamehe, najua. Wifi je?"

"Hilo sijui, mwanangu."

Basi likasimama mbele ya kanisa. Fundi hakuinuka.

"Na kama hajanisamehe?"

"Shuka hivyo hivyo," bibi akasema.