Klara Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Padri wetu, wazee, ndugu na majirani, mimi Cornel, kaka yake Klara, ndiye niliyepewa kuwasomea maisha yake. Nitajitahidi nimalize.

Klara, binti wa Mzee Bujiku na Mama Paskazia, alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1926. Alisoma kwa masista wa misheni hadi mwaka 1940, akabaki kufundisha wasichana kushona. Mwaka 1946 alifunga ndoa na Pantaleo, mtoboa miamba wa mgodi wa dhahabu, wakahamia Geita.

Wakati huo nilikuwa karani wa stesheni ya Isaka. Niliokota behewani kitabu cha Kiingereza nikampelekea. Humo mlikuwa na msichana yatima katika jumba bovu la mjomba katili. Kazi yake kuzimia na kuvumilia. Akikohoa damu anaficha leso, na hapo ndipo kila mtu anampenda zaidi. Klara aliwasimulia majirani wakibangua karanga. Mama Ignas akamwuliza Klara, "Mama Generosa, huyo binti hali ugali?"

"Akila hafai kitabuni, dada."

Walicheka mpaka ungo ukapinduka.

Mwaka 1952 alianza kukohoa. Alikonda, macho yakang'aa. Nilipomtembelea nikamwambia, Mungu anisamehe, "Umependeza kama yule wa kitabuni." Akafunika mdomo kwa kanga. Wote tulimsifu: mke mwema, hasumbui mtu. Nani angelalamika baada ya sifa zote zile?

Mei mwaka huu Pantaleo aliona damu kwenye mto wa kulalia, akampeleka hospitali. Daktari alituuliza tulikuwa wapi miaka miwili. Klara akatuwahi kujibu: "Walikuwa wananisifu." Hakusema kwa upole.

Alifariki tarehe 9 Agosti 1954, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na minane. Wazee wameniomba niandike kwamba alilala kimya kama malaika. Nisameheni, wazee wangu. Alipigania pumzi, alinishika shati, akasema hataki kufa. Nilikuwapo.

Ameacha mume, mama yetu, mimi, na watoto wawili, Donatus na Generosa. Jana hapa msibani nilisikia mtu akimsifu Generosa: mtoto mtulivu, amemrithi mamaye, hata kukohoa anakohoa polepole.

Klara, Mungu akupe pumziko la amani. Lori limepatikana. Mwanao naondoka naye kesho asubuhi kwenda hospitali.