Eksi Saba za Maji ya Chai

Benchi letu la Maji ya Chai lilikuwa mbele ya jiko la kahawa la Kandida, na mwaka ule wa 1952 kila gari la serikali likipita, tuligeuka kuangalia linaelekea wapi. Mwaka mmoja nyuma watu wetu waliondolewa Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na nyumba ya mzee Aikaeli ikachomwa moto. Sasa alikuwa amejenga upya kwetu, kando ya mfereji, tukawa nyumba saba. Ndiyo maana Sakaya, tuliyemwita Gazeti, alipotuletea karatasi aliyoiokota njiani, niliweka kikombe chini. Iliandikwa hivi:

x² + 7x + 12 = (x + 3)(x + 4)

Gazeti akasema nyumba ikitakiwa kubomolewa huchorwa eksi, kwa hiyo eksi saba ndizo sisi. Nilitaka kumwambia afunge domo lake, lakini nilishahesabu mwenyewe. Juu ya mfereji tuko nyumba tatu, chini nne.

— Na hivi vipinde? nikauliza.

— Senyenge, akasema Melkizedeki, aliyewahi kukaa barazani kuamua kesi, basi tukamwita Hakimu. Watatu wanafungiwa huku, wanne kule.

— Kumi na mbili je?

— Askari.

Gazeti akaona hiyo haitoshi. Kwake ile mbili ndogo iliyopanda juu ya eksi ilikuwa ndege, itakayozunguka angani kuangalia nani amebaki ndani. Hakuna aliyecheka. Aikaeli akainuka, akasema anakwenda kung'oa mabati yake kabla hawajafika, maana yale ya kwanza yalikunjamana motoni na hakupata hata moja.

Kabla hajaondoka, akatokea Mwalimu Anande, mgeni wa shule yetu, akihema. Akatuamkia shikamooni, akauliza kama tumeiona karatasi yake ya somo. Gazeti akamkabidhi kwa ncha za vidole. Tulipomweleza hofu yetu, akakaa nasi kwa upole kabisa. Unatafuta namba mbili, akasema, ukizijumlisha upate saba, ukizizidisha upate kumi na mbili. Hizo ni tatu na nne. Ndipo unaivunja ile ndefu kuwa mabano mawili.

Tukacheka kwa aibu, Hakimu mpaka akapaliwa. Aikaeli hakucheka.

— Na eksi, mwanangu, ni nani?

— Ni namba yoyote, mzee. Usiogope, ni hesabu tu.

Aikaeli akaigonga karatasi kwa kidole.

— Walipokuja Ngare Nanyuki na minyororo yao ya kupimia, nilimuuliza karani anaandika nini. Aliniambia hivyo hivyo. Ni hesabu tu.

Mwalimu akaikunja karatasi yake. Aikaeli akashika njia ya mfereji, na punde tukasikia nyundo yake ikifungua bati la kwanza. Nikaacha kahawa yangu, nikaenda kung'oa ya kwangu.